UZI: BMW 535d ya dizeli na Nissan Leaf ya umeme, nani anachomoka? Ubishi wa Tanga uishie hapa

Mgosi wa Pongwe (mwenye uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Huu ubishi ulianzia kijiweni Barabara ya Nane pale Ngamiani, ukahamia kwenye kundi la WhatsApp, na huko umeshanunisha watu wazima wenye wajukuu. Nimeona niulete hapa kwa wenye hesabu zao.

Mimi nina BMW 535d, bodi ya E60, dizeli lita 3.0, silinda sita, turbo mbili. Rafiki yangu wa Chumbageni kaagiza Nissan Leaf kutoka Japani, toleo la pili, betri ya kWh 40. Namba za kiwandani ni hizi:

535d: HP 272 (kW 200), toki Nm 560 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, sifuri hadi kilomita mia kwa saa sekunde 6.5 hivi, spidi imefungwa kwenye 250.

Leaf: HP 150 (kW 110), toki Nm 320, sifuri hadi mia sekunde 7.9, mwisho wake 144.

Kwa wasiozoea, toki ni ile nguvu ya kuzungusha shafti, inapimwa kwa Nm. Sasa mtu akisoma hapo juu atasema kesi imekwisha, dizeli imeshinda, twende tukale. Tukapata lami ndefu ya mtu binafsi, geti limefungwa, ruhusa tunayo (wapi, msiniulize). Wallahi Leaf iliniacha pale pale. Nimekanyaga mpaka chini, gari langu linavuta pumzi, lile la umeme tayari liko mbele, kimya, nasikia tairi zake tu zinavyosaga changarawe. Kwenye hamsini hivi ndiyo 535d ikaamka, mgongo ukanata kwenye kiti, nikampita kabla lami haijaisha na pengo likazidi kufunguka.

Tukabadilishana magari, mambo yakawa yale yale. Yeye anadai kashinda kwa kuwa aliondoka kwanza. Mimi nadai nimeshinda kwa kuwa mwisho wa lami nilikuwa mbele. Kijiwe kimegawanyika. Karibuni.

Kijana wa Kange

Hii chai, tena ya rangi. Gari la kuendea soko la Mgandini liiache 535d? Mkuu, angalia kama hukuacha hendibreki juu.

Mzee wa Mkonge

Nimekaa paleee. Nasubiri wenye kalamu.

Kikokotoo

Mgosi, ulichokisimulia kinaingia kwenye hesabu bila kulazimisha. Nianze na Leaf kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi.

Nissan wenyewe wanaandika kwamba ile mota inatoa Nm 320 kuanzia mzunguko sifuri mpaka 3,283 kwa dakika. Sifuri kabisa. Gari halijajongea hata sentimita moja na toki yote ipo. Halina giaboksi ya kubadilisha, lina gia moja tu ya kupunguza mzunguko, kama 8.2 kwa 1. Zidisha, unapata karibu Nm 2,600 kwenye ekseli ya mbele. Tairi ina nusu kipenyo cha sentimita 31 au 32, kwa hiyo gari linasukumwa kwa nguvu inayozidi Newton 8,000. Ukiliweka kilo 1,680 pamoja na watu wawili, kila sekunde inayopita linaongeza kama kilomita 17 na nusu kwa saa. Moja, mbili, tatu, uko hamsini.

Na ile 3,283 si namba ya bure. Igeuze kuwa spidi ya barabarani, inaangukia kwenye 48 hivi. Mpaka hapo msukumo ni uleule, haupungui. Kuanzia hapo mota imeshafika kW 110 na haivuki, kwa hiyo kadiri spidi inavyopanda msukumo unashuka. Ikifika 100 msukumo umebaki chini ya nusu ya ule wa kuondokea. Wewe umesema gari lako liliamka "kwenye hamsini hivi". Jibu ni kwamba gari lako liliamka, sawa, lakini wakati huohuo la mwenzako lilianza kulegea. Yote mawili yalitokea sehemu moja ya lami.

Sasa BMW. Nm 560 zikipita gia ya kwanza ya giaboksi ile ya gia sita zinazidishwa mara 4.17, halafu difu, ile gia ya kwenye ekseli ya nyuma, inazidisha tena zaidi ya mara mbili. Karatasini ni msukumo wa kutisha. Lakini gari linasukumwa na tairi mbili za nyuma, zinabeba karibu nusu ya uzito wake, na tairi hizo hata kwenye lami kavu zina kikomo cha kushika, kama Newton elfu tisa, kumi. Kinachozidi hapo kinaishia kwenye moshi wa raba, au kompyuta ya gari inakikata. Kwa hiyo ule utajiri wa toki kwenye gia ya kwanza sehemu kubwa hauna pa kutumika. Anayefikia kikomo cha tairi mapema ndiye anayeondoka, na Leaf inakaribia kikomo chake papo hapo.

Kuna kitu kingine nakipenda zaidi. Kufikisha kilo 1,800 (weka hiyo ndiyo BMW na dereva wake na vikorokoro) kwenye spidi ya 100 kunahitaji nishati ya kilojuli 694. Kama injini ingetoa kW 200 zake zote tangu mwanzo, kazi ingeisha kwa sekunde 3.5. Kiwanda kinasema 6.5. Zimepotea sekunde 3. Leaf inahitaji kilojuli 648, kwa kW 110 ni sekunde 5.9, kiwanda kinasema 7.9. Zimepotea 2. Gari lenye nguvu karibu mara mbili limeshinda kwa sekunde 1.4 peke yake.

Kijana wa Kange

Mkuu Kikokotoo umetisha, lakini hizo sekunde 3 zimeenda wapi?

Kikokotoo

Nyingine zimekwenda kwenye tairi, kama nilivyosema. Nyingine kwenye hewa na msuguano, hizo kila gari linalipa. Zilizobaki ni kwamba injini ya dizeli haina kW 200 wakati wote. Inazo kwenye mizunguko 4,400 tu. Ikiwa chini ya hapo ina pungufu, ikibadilisha gia inashuka tena chini, inapanda upya. Kwa kuondoka pale mwanzo kabisa, nadhani fundi anayejua turbo atasema vizuri kuliko mimi.

Fundi Dizeli Makorora

Salaam alaykum jamaa zangu. Nimeitwa nimekuja.

Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Gari likiwa sailensa, yaani limewashwa bila kukanyaga mafuta, mizunguko mia saba, mia nane, moshi ni kidogo, turbo inajizungukia tu, haina presha ya maana. Ukikanyaga, dizeli inaingia, lakini hewa ya kuiunguza bado haijajazwa. Mpaka moshi uwe mwingi ndiyo turbo ishike kasi, turbo ishike kasi ndiyo hewa ijae, hewa ijae ndiyo moshi uwe mwingi zaidi. Ni mzunguko wa kusubiriana. Wale waliotengeneza 535d walilijua hilo ndiyo maana wakaweka turbo mbili zisizolingana, ndogo inaamka mapema kwa kuwa ni nyepesi, kubwa inapokea mizunguko ikipanda. Imepunguza kusubiri, ila kusubiri bado kupo. Mota ya umeme haina wa kumsubiri.

Halafu kati ya injini na giaboksi kuna konveta yenye oili. Mwanzoni inateleza kidogo kabla haijashika. Hilo nalo lina muda wake.

Wapo wanaobana breki kwa mguu wa kushoto na kukanyaga mafuta kwa wa kulia, presha ijae kabla hawajaachia. Inasaidia kweli. Ila ile konveta inachemsha oili kwa sekunde chache tu, na mimi ndiye ninayeifungua hiyo giaboksi baadaye. Oili inatoka nyeusi, inanuka kama mkaa.

Sasa Mgosi, nina shaka na gari lako lenyewe. E60 za 535d zimeanza 2004, hakuna iliyo kijana tena. Mpira unaopeleka hewa kutoka turbo kwenda kwenye kipoza hewa ya injini huwa unapasuka pale clipu inapoubana. Kwa macho huuoni ufa. Uvue, upinde kwa kidole gumba upande wa chini, hapo ndipo unapofunguka kama mdomo wa dagaa, na pembeni yake utakuta masizi yenye mafuta yameganda. Nyingine ni vile vimipira vyembamba vya vakyumu vinavyoendesha milango ya turbo. Kimoja kikikauka, turbo ndogo haishiki inavyotakiwa na gari linakuwa zito chini, likishafika juu linakimbia kama kawaida. Mwenye gari anazoea, anasema ndiyo dizeli zilivyo.

Nipe nafasi nifunge kompresa, nipake maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitoka, tumemjua mwizi.

Mzee wa Mkonge

Fundi, Mungu akuweke. Wengine wangemwuzia turbo mpya kwanza.

Mama Wawili Raskazone

Fundi shikamoo. Na wakuu wengine habari zenu.

Mimi nina Leaf kama hiyo, ya kWh 40. Sina mashindano na mtu, nina watoto wa kupeleka shule. Lakini nithibitishe kwamba Mgosi hasemi uongo. Ukitoka njia ya vumbi pale Kange unataka kuingia barabara kuu, kulia kuna basi, kushoto kuna lori la saruji, bodaboda wako katikati, hapo gari la umeme halina mpinzani. Ukiona upenyo unakanyaga na umeshaingia. Mume wangu ana gari la dizeli, yeye anaangalia upenyo, anakanyaga, anasubiri, upenyo umefungwa, anasonya.

Ila barabara ya Muheza ni hadithi nyingine. Lori la mbele linatembea sitini, nalipita vizuri, sioni tabu. Lori likiwa linakwenda themanini na tisini, nikitaka kulipita lazima nione mbele mbali sana, kwa sababu kutoka tisini kupanda linakwenda lakini halina ule ukali wa mjini. Aliyesema hapo juu msukumo unashuka baada ya hamsini amenieleza kitu nilichokuwa nakihisi kwenye mguu muda mrefu.

Na mtu asidanganyike, betri ikiwa chini kabisa gari linajikata nguvu lenyewe, dashibodi inakuonyesha taa ya kobe. Ndiyo, mchoro wa kobe. Hapo hata bajaji inakupita.

Kijana wa Kange

Taa ya kobe 😂😂 dada umeniua.

Kikokotoo

Mama Wawili, asante, nilisahau kuiweka ya barabara kuu. Kutoka 80 hadi 120, bila kuhesabu upepo, Leaf kwa kW 110 zake inahitaji sekunde 4.7. BMW, nguvu zake zote zikiwa tayari, inahitaji 2.8. Upepo na kubadili gia vitaongeza kwa wote wawili, ila pengo linaonekana. Kwenye spidi hizo turbo ya dizeli imeshaamka zamani, giaboksi inashusha gia moja au mbili, injini inakuwa kwenye mizunguko yake ya raha. Mgosi alimpita mwenzake kwa sababu hiyo, na lami ingekuwa ndefu zaidi angemwacha vibaya.

Mgosi wa Pongwe

Mwenye Leaf anasoma huu uzi kimyakimya, namwona jina lake hapo chini kwenye waliofungua. Hajibu.

Mtoto wa Bandari

Wakuu mnanikera kidogo. Mnalinganisha sedani ya kukimbia na gari la familia la HP 150, halafu mnafurahi dizeli imeshinda kwa sekunde 1.4? Wekeni vya kufanana.

BMW walipotaka dizeli yao ikimbie kweli, mwaka 2012 walitoa M550d. Turbo tatu, HP 381, Nm 740, inasukuma magurudumu manne, sifuri hadi mia sekunde 4.7. Haikutosha, toleo lililofuata wakaweka turbo nne, HP 400, Nm 760, sekunde 4.4. Turbo nne kwenye injini moja! Kazi ya ufundi ya kuvua kofia, sisemi kitu.

Tesla Model 3 Performance, mota mbili, sekunde tatu na ushei. BYD Seal ya mota mbili, kW 390, sekunde 3.8. Hakuna turbo hata moja, hakuna mtu anayeamka kwenye mizunguko elfu mbili. Na hizo hazilegei hamsini, zina nguvu ya kutosha kupita dizeli yoyote hata kwenye 80 hadi 120. Kwa hiyo hoja ya "umeme ni wa mwanzo tu" ni hoja ya Leaf. Si hoja ya umeme.

Mgosi wa Pongwe

Bandari, nakubali, lakini Tanga hii nani ana Model 3 Performance? Mimi nashindana na walio kwenye foleni ya Chumbageni, si walio kwenye video.

Mtoto wa Bandari

Sawa, ila basi sema "gari langu na gari la jirani", usiseme dizeli na umeme.

Kikokotoo

Niongezee hapo kwa Bandari. Hata hao wenye mota mbili kuna ukuta mbele yao. Tairi ya kawaida ikishika lami vizuri kabisa inakupa mchapuko unaokaribia ule wa kitu kinachoanguka, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Kwa hesabu hiyo sifuri hadi mia ni sekunde 2.8. Kushuka chini ya hapo unatafuta tairi maalumu na lami maalumu. Mota ya Nm ngapi hailisaidii hilo. Yaani gari la umeme limesogeza tatizo kutoka kwenye injini mpaka kwenye raba.

Na mtu akikuletea namba za Marekani muwe macho. Kule wanapima sifuri hadi maili 60, ambayo ni kilomita 96.6, na mara nyingi futi moja ya kwanza ya kusogea haihesabiwi. Ukichukua hiyo ukaiweka kando ya sifuri hadi mia ya Ujerumani, umempa mmoja zawadi.

Mwalimu wa Historia Sahare

Vijana, mnaongea kana kwamba umeme umeanza jana. Gari la kwanza duniani kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Mwaka 1899, Ufaransa, dereva Mbelgiji Camille Jenatzy, gari lina umbo la risasi linaitwa La Jamais Contente, lilifika 105.88. Dizeli ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa. Injini ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi ni ya 1897, na ilikuwa ya kusimikwa chini. Gari dogo la dizeli kuuzwa kwa watu ni habari za 1936, Mercedes 260 D, HP 45.

Lakini na dizeli ina heshima yake. Mwaka 2006 Audi R10 TDI ilishinda mbio za Le Mans za saa 24 kule Ufaransa, mara ya kwanza kwa dizeli. Mwaka huohuo JCB Dieselmax ikafikia kilomita 563 kwa saa kule Bonneville, Marekani. Msiwadharau hao wa masizi.

Kijana wa Kange

Mwalimu, 563 na dizeli?? Basi Mgosi rudisha gari barabarani.

Soni Kona

Natoka milimani huku, naona watu wa pwani mnajadili tambarare tu. Njooni Mombo mpande mpaka Lushoto. Kilomita 33, kona juu ya kona, mnapanda karibu mita 1,000.

Kule sifuri hadi mia haina maana, hakuna pa kufika mia. Kuna kutoka kwenye kona kwa 25 au 30, nyuma yako kuna Noah imejaa abiria na mizigo juu. Gari la umeme linatoka kwenye kona kama limesukumwa na mtu. Dizeli ya turbo dereva akiwa mzembe wa gia inakaa. Dereva mzoefu anaweka gia kwa mkono, mizunguko haishuki chini ya elfu mbili, turbo hailali, na hapo hamtofautishi. Tatizo la wengi wameacha giaboksi ijiamulie.

Hesabu yangu ya darasa la fizikia: kupandisha kilo 1,680 mita 1,000 ni kWh 4.6, bila mambo ya msuguano. Kwenye betri ya 40 inaonekana hiyo. Wakati wa kushuka mota inakuwa jenereta, sehemu ya ule umeme inarudi, na breki hazichemki. Wenye dizeli tunashuka kwa gia ya pili, harufu ya breki inatutangulia Mombo.

Mgosi wa Pongwe

Soni, hiyo ya kushuka ukweli mtupu.

Swali kwa Mama Wawili: gharama? Na Dar unaendaje?

Mama Wawili Raskazone

Dar siendi nalo. Tanga hadi Dar ni kilomita 350 hivi, na kwa vipimo vya Marekani gari lenye betri hii linakwenda kilomita 243 likiwa jipya. Langu si jipya. Hapa mjini, Pangani na kurudi, Muheza na kurudi, sina wasiwasi.

Gharama ni uniti za umeme, uniti moja ni kWh moja. Bei ya nyumbani kwa tunaotumia nyingi ni kama shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi zote. Betri nzima ya 40 ni elfu kumi na nne na ushei, ongeza kidogo kwa kinachopotea njiani wakati wa kuchaji, tufanye elfu kumi na sita. Kwa soketi ya kawaida ya ukutani inachukua usiku kucha na asubuhi yake kama ilikuwa imekwisha kabisa, mimi huwa siiachi ikafika huko.

Jambo moja la joto letu hili. Betri ya Leaf haina maji ya kupoza, inapozwa na hewa tu. Ukitoka safari ndefu ya spidi mchana wa Februari, ukafika ukataka kuchaji kwa haraka, inachaji kwa kujivuta mpaka ipoe. Kwa mnaoshindana, mjue hilo pia.

Kikokotoo

535d kiwandani waliandika lita 8 hivi kwa kilomita 100. Kwa hizo kilomita 243 ni lita 19 na nusu, na hiyo ni kwa mguu wa mtu mstaarabu. Zidisheni wenyewe kwa bei ya dizeli ya EWURA ya mwezi huu.

Mzee wa Mkonge

Usimwambie Mgosi atie machozi.

Abiria wa Horohoro

Mimi naishi barabara ya mpakani. Wote nawakumbusha spidi ya vijijini mwisho ni 50, na wale askari wenye tochi za kupima spidi hawaulizi ni dizeli au umeme. Faini elfu thelathini. Leaf inafika 50 kwa sekunde tatu, kwa hiyo ni gari la kwanza kukamatwa.

Kijana wa Kange

😂😂😂 tena haina mlio wa kumshtua afande.

Mimi niko serious sasa. Nina hela ya gari moja, nataka linalochomoka, natumia Tanga mjini na mara moja moja Arusha kwa wazazi. Nichukue lipi?

Fundi Dizeli Makorora

Mara moja moja Arusha? Chukua dizeli, ila weka kando hela ya mipira, nozeli, na oili nzuri, na ukague turbo kabla hujalipa. Bila hiyo hela ya pembeni usinunue dizeli ya Ulaya ya turbo mbili.

Mtoto wa Bandari

Mjini tu ningesema umeme macho yakiwa yamefumba. Arusha inaharibu hesabu. Kama ukinunua Leaf, usiangalie kilomita, angalia vile vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi, vikiwa kamili ni 12. Vikipungua, umbali ndio unaopungua kwanza.

Mgosi wa Pongwe

Mrejesho, wakuu.

Nimepeleka gari kwa Fundi Makorora. Kavua mpira wa chini wa kipoza hewa, kaupinda kwa kidole kama alivyoandika, ufa huo hapo, masizi hadi kwenye kiganja. Na kimpira kimoja cha vakyumu kilikatika mkononi mwake kama tambi mbichi. Vimebadilishwa vyote.

Tumerudi kwenye ile lami. Gari limebadilika, si utani, chini limekuwa jepesi, linaamka mapema kabla ya hamsini. Lakini Leaf bado iliondoka mbele. Safari hii ni kama nusu ya urefu wa gari badala ya gari zima na zaidi, na nimempita mapema kuliko mwanzo. Kijiwe kimekubaliana hivi: mpaka hamsini ni lake, baada ya hapo ni langu.

Umeme Chumbageni

Mimi ndiye mwenye Leaf. Nimewasoma tangu mwanzo.

Sina ugomvi na makubaliano ya kijiwe. Niseme tu kwamba siku zote hizo nilikuwa na viroba viwili vya machungwa ya Muheza kwenye buti, vya mama mkwe, na sikuvishusha kwa sababu sikuona haja.

Kikokotoo

Viroba viwili tufanye kilo mia. Kwenye kilo 1,680 hiyo ni asilimia 6. Kwa hesabu yangu ya mwanzo Leaf inafika hamsini kwa sekunde 2.8 hivi, na mzigo huo zinakuwa karibu 3.

Mgosi wa Pongwe

Yaani nimeachwa na machungwa.